Moshi Mzito wa Mjomba Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na moshi.
Moshi wa nani?
— Wa mwenye kuni.
Na asiye na kuni?
— Abebe kigae, akaombe moto!

Basi, hapo kale paliondokea Mama Pimbi, mnyama mdogo, mwenye watoto wachanga na haya nyingi. Masika yaliyopita kuni zake zililowa chapachapa, watoto wakatetemeka, ti-ti-ti. Akachukua kigae cha chungu kilichovunjika, akaenda kwa Fisi kuomba kaa la moto. Akasimama mlangoni, kichwa chini.

"Nilikuwa napita tu, mjomba, nikaona moshi."

Fisi akacheka mpaka majirani wakatoka nje. "Njooni mumwone Mama Kigae! Kuzaa anajua, kuwasha moto hajui!"

Kaa alilipata. Lakini njiani uso ulimwaka kuliko kaa lenyewe.

Kiangazi kilipoingia, Mama Pimbi akajiapiza: masika yajayo sibishi hodi kwa mtu. Nyuma ya jabali akakata matawi makavu ya mgunga, ko-ko-ko. Akayapanga, akayafunika majani, akayafukia kwa udongo, akayatia moto, akaacha tundu dogo tu la moshi. Maana mkaa hutaka kuungua bila kupumua. Ukiupa hewa nyingi, unakuwa majivu.

Fisi akasikia harufu. Akaja, gudu-gudu-gudu.

"We Mama Kigae, unapika nini chini ya udongo?"

"Mkaa, mjomba. Akiba ya masika."

"Msitu huu wa nani?"

"Wako, mjomba."

"Na miti yake?"

"Yako, mjomba."

"Na mkaa je?"

Mama Pimbi akatazama miguu yake. Akaona haya kusema "wangu".

"Wako, mjomba. Lakini hili ni tanuri la kitoto. Mkubwa kama wewe akionekana nalo, watu watasemaje? Ngoja nikupangie lako, la hadhi yako."

"Enhe! Hapo umenena. Liwe kubwa!"

"Kubwa, mjomba."

"Lenye moshi mwingi!"

"Mwingi, mjomba."

Akampangia migomba mibichi, minene, inayochuruzika maji. Akaifukia, akaichochea kwa majani makavu. Moshi ukapanda, fuuu! fuuu! mzito kama wingu. Fisi, ambaye hakuwahi kuchoma hata kijiti, akalala kando yake akilinda, anakohoa kwa fahari, khoo! khoo!

"Tazameni moshi wangu!"

Kuni hakuokota hata moja. Za nini, naye ana tanuri? Na kwa moshi ule, nani angeuona moshi mwembamba wa nyuma ya jabali?

Masika yakashuka, shaaa! Fisi akawaita majirani waje kuona, akafukua tanuri lake. Akakuta matope na nyuzinyuzi. Majirani wakashika mbavu.

Mama Pimbi alikuwa ndani, mkaa wake mwekundu, watoto wakavu wamelala. Vile vicheko alivisikia, naye akataka kucheka. Mara hodi.

Fisi alikuwa mlangoni, ameloa, kigae mkononi, kichwa chini.

"Nilikuwa napita tu, mama, nikaona moshi."

Hamu ya kucheka ikamwisha Mama Pimbi. Maneno hayo aliyajua. Uso ukamwaka tena, ingawa safari hii kigae hakikuwa chake. Akakijaza makaa mpaka juu, bila kumtazama.

"Funika na jani la mgomba, mjomba, mvua isiyazime."

Alipotaja mgomba akajiuma ulimi. Fisi naye akainama zaidi. Wakasimama hivyo wote wawili, kila mmoja anatazama miguu yake.

"Pitia nyuma ya jabali, mjomba," akasema taratibu. "Huko majirani hawaoni."

Ngano yangu imefika majivuni. Mwenye kaa na apulize. Na funzo lake? Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini nyinyi, wanangu, msijichoshe na mkaa. Kiangazi laleni usingizi. Tafuteni tu jirani mwenye haya, na mtunze kigae kizuri.