Zulia la Sechelela

"Msugua doa hulitandaza." Mmeisikia leo barazani, mzee wa ukoo akiwatuliza wale ndugu wawili, na sasa mmenijia mbio kuuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Imetoka sebuleni kwa bibi yenu Sechelela, dada yangu mimi, hapa hapa Hombolo. Methali inayosemwa na kijiji kizima ilizaliwa kwenu, nanyi mnaringia simu! Haya, wekeni hizo simu chini niwaeleze ilivyoanza.

Sechelela alikuwa mwanamke wa zabibu. Shamba lilikuwa la mumewe Lungwa kwa jina tu, mizabibu yenyewe ilimjua yeye. Na fahari alikuwa nayo, jamani! Msimu wa mavuno kila mwanamke hurudi nyumbani nguo zimetapakaa wekundu wa zabibu, lakini nguo za Sechelela za Jumapili zilikuwa zinang'aa. Silaha zake zilikuwa maji ya moto, magadi na brashi ngumu, kisha ni kusugua mpaka kiwiko kilie. "Zabibu haijawahi kunishinda," alikuwa akisema, na ni kweli haikuwahi.

Ikafika siku ya kupokea posa ya binti yake Nyemo, huyo huyo mama yenu mnayemwita mkali. Wakwe walitoka Mpwapwa. Sechelela akatandika zulia lake la manyoya, jeupe kama maziwa, ambalo siku zote lilikaa limekunjwa juu ya kabati na hata Lungwa haruhusiwi kulikanyaga. Mezani akaweka divai nyekundu waliyoikamua wenyewe, maana kwake mkwe hapewi soda. Moyoni akajisemea, leo watajua mwanangu anatoka nyumba gani.

Mama wa kijana aliitwa Mbeleje, mtu mtulivu, asiye na maneno mengi. Tangu aingie, mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya kitenge. Alipopewa glasi ilibidi autoe, kwani kitu cha heshima hakipokelewi kwa kushoto. Mkono ukatetemeka, glasi ikayumba, na divai yote ikamwagika katikati ya zulia.

Sechelela alishtuka. Tusidanganyane, zulia lilimuuma, lakini posa ya binti yake ilimuuma zaidi. Akakimbilia jikoni, akarudi na maji ya moto na ile brashi, akapiga magoti akaanza kusugua. Na mdomo nao ukawa unasugua.

"Si kitu, mkwe mwenzangu, si kitu! Ni mkono tu umetetemeka. Mkono ukishatetemeka mtu afanyeje? Jamani, msimwangalie, ni mkono tu!"

Nia yake ilikuwa njema kabisa. Ila kila alipoutaja mkono, macho yote yalienda mkononi. Na kila alipopitisha brashi, doa lililokuwa kisosi likawa sahani, sahani ikawa sinia, na nyuzi za zulia zikaanza kung'oka. Mbeleje akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Asanteni kwa kutukaribisha," akasema. "Tutarudi siku nyingine."

Mshenga wao akainamisha kichwa. Wenye posa wakisema watarudi siku nyingine, ndio hawarudi tena, hilo linajulikana. Nyemo, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba, akaanza kulia.

Sechelela akalitazama lile sinia jekundu, akautazama mkono uliokwisha kufichwa tena, akaelewa kwamba yote mawili ni kazi yake. Akaweka brashi chini. Akafunga mdomo, jambo ambalo mimi ndugu yake sikuwa nimeliona tangu utotoni! Akachukua kitambaa kikavu, akakilaza juu ya doa na kukibonyeza kwa viganja, taratibu. Alipokiinua, kilikuwa kimenywa wekundu.

"Mkwe mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "doa nimelikuza mwenyewe, na mikono yangu miwili haitoshi. Njoo tubonyeze."

Mbeleje akabaki amesimama. Nyemo akaacha hata kulia, anasubiri. Kisha mama yule akapiga magoti, akautoa mkono wake wa kulia mbele ya watu wote na kuuweka juu ya kitambaa, na kwa kuuegemea hivyo ukatulia. Wakabonyeza pamoja, wakianzia pembeni kuingia katikati, wakinyunyiza maji baridi kidogo kidogo na kubadilisha vitambaa. Mwisho wakalifunika doa kwa chumvi. Hakuna aliyeutaja mkono.

"Divai hii mmeikamua wenyewe?" Mbeleje akauliza, bado yuko magotini.

"Wenyewe kabisa."

"Basi nimiminie nyingine. Ile ya kwanza imenywewa na zulia."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mbeleje akapokea glasi kwa mikono yote miwili, akainywa yote, akamwambia mshenga aendelee na neno lililowaleta.

Zulia halikurudia weupe wake wote, lilibaki na kivuli cha waridi. Mnadhani Sechelela alilificha? Thubutu! Tangu siku ile alilitandika kila siku likanyagwe, na mgeni akiuliza, shingo juu: "Hapo ndipo nilipompatia mwanangu mama mkwe, nikiwa nimefunga mdomo." Kisha alimalizia kwa maneno yale mliyoyasikia barazani, wageni wakaondoka nayo, kijiji kizima kikayachukua. Ninyi nyote mliokaa hapa mmetoka kwenye kivuli kile. Kwa hiyo mtu akiteleza mbele yenu, msimkaripie, na wala msimtetee kwa kelele. Sogeeni karibu, mbonyeze naye polepole.

Msugua doa hulitandaza.