Shekue na Zimwi la Kisimani

Sogeeni jamani, nipeni masikio, nami niwape kisa.

Palikuwa na fundi wa vikapu, Shekue, aliyesikia sauti ambazo wenzake hawakuzisikia. Hakuwahi kumdhuru mtu. Siku moja mchota maji akapigwa kisimani, akavunjwa mkono. Watu wakasema, "Ni yule kichaa!" Siku ya pili akapigwa mwingine. "Ni yule kichaa!" Wakamfunga Shekue kamba nguzoni. Siku ya tatu akapigwa wa tatu, na Shekue bado yumo kambani. Wakasema, "Katuma sauti zake!"

Dada yake, Mize, akaikata kamba. "Kaka, twende tukamwone huyo mpigaji."

Walipofika, zimwi likachomoza kisimani, likamnong'oneza Shekue sikioni, "Nitakutafuna!" Hivyo ndivyo lilivyowalegeza watu kwa hofu kabla ya kuwapiga.

Shekue akacheka. "Wewe? Nina sauti tatu humu zenye maneno makali kuliko yako. Panga foleni!"

Zimwi likanong'ona tena, na kwa kukosa hofu ya kujilisha likasinyaa likawa kama mbuzi. Likanong'ona mara ya tatu, likawa kama panya. Mize akalitia kibuyuni, akalipeleka kijijini likilia chwi, chwi!

Watu wakaona haya, wakamwomba Shekue radhi. Sauti zake hazikuondoka. Ila kila zilipomwelemea, majirani walimletea uji, wakaketi naye.

"Zinasemaje leo, ndugu yetu?"

"Zinasema uji wenu hauna sukari."

Wakacheka wote, wakaenda kuileta. Nami hapo nimetua mzigo wangu.