Kinachovutwa Hakibebwi

Chekeni tu, wanangu. Ni kweli, juzi nilikaa mkiani mwa mkokoteni, punda akaning'inia hewani mbele ya mama mkwe. Aibu! Lakini hapo zamani za kale, kabla makalio yangu haya hayajawapo, alikuwepo Nyati.

Nyati alikuwa na lori na tela. Mwaka wa ukame alisomba maji bwawani kuwapelekea ndama wake saba, mbali, ng'ambo ya mlima. Mpakiaji wake alikuwa Pimbi, yule mdogo wa mapangoni. Ukoo wake uliishi kwenye mawe ya chini ya mteremko, kando ya barabara hiyohiyo.

Kila safari Pimbi aliomba, "Mjomba, ukipita tuachie japo kibuyu kimoja. Watoto wanalamba mawe."

"Walambe vizuri," Nyati alijibu. "Pakia!"

Asubuhi moja Pimbi hakuomba.

"Mjomba, leo tupakie mapipa yote."

Nyati akakikodolea macho kibati cha mlangoni mwa lori. Kusoma alikuwa hajui, na kukiri hataki. "Si kuna tani zake hapa?"

Zilikuwepo: lori, tela na mzigo, vyote pamoja, visizidi tani kumi. Pimbi alikisoma kimoyomoyo.

"Aa, hizo za kubeba! Tela si lina magurudumu yake? Kinachovutwa hakibebwi!"

"Ndivyo nilivyotaka kusema," Nyati akasema.

Pimbi akayarundika mapipa mkiani mwa tela. Tela likabenua pua, likalinyanyua lori nyuma.

"Loo! Jepesi kama unyoya!" Nyati akafurahi. Leo ndama wangekunywa hadi washibe.

Wakapanda, gruu, gruu! Kileleni Pimbi akaruka chini. "Nimebanwa na haja, mjomba. Tangulia!"

Kwenye mteremko Nyati akakanyaga breki. Chwiiii! Wapi! Tela likamsukuma, likayumba huku, likayumba kule.

"Mama yangu weee!"

Kubwaga-bwaga-puu! Maji yakajaa mashimo ya mawe, mlangoni kwa akina Pimbi.

Uvutacho bila kipimo, wanangu, kitakusukuma.

Nyati akatambaa nje, pembe imevunjika. Pimbi alikuwa ameshateremka mbio, yeye na watoto wake walikuwa wakinywa, glu glu glu, wala hawakumtazama.

"Pimbi, ulijua?"

"Nilijua."

"Ndama wangu watakufa! Kwangu ni mbali, hawawezi kufika hapa!"

Pimbi akafuta midomo.

"Sisi tulikuwa karibu, mjomba. Ukatupita."