Kwa Nini Mbwa Husimama Mlangoni na Kugeuka Nyuma

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo hakuna msimulizi aliyewahi kulipatia jibu. Asubuhi ile mtoto wa mbwa alipotokea mlangoni kwa Nakijwa, ukungu ulikuwa umelala mlimani tangu juzi yake na kila jani lilichuruzika maji, lakini manyoya yake yalikuwa makavu. Alitoka wapi, alipita njia gani, hatujui. Wengine huliruka swali hilo. Sisi tunaliacha hapo lilipo, kwa sababu yaliyofuata yanatosha kusimuliwa.

Zama hizo wafu hawakuzikwa nje. Mtu alipofariki alilazwa chini ya sakafu ya nyumba aliyoishi, akafukiwa, na udongo ukasiribwa juu yake kwa tope na mavi ya ng'ombe mpaka ukalainika. Kila asubuhi mama wa nyumba alipiga goti, akaweka kiganja mahali pale, akasalimu. Sakafu ilikuwa na joto kidogo, kama jiwe lililoachwa na jua, na joto hilo ndilo lililokuwa jibu. Mbwa nao waliishi humo humo, mbwa wadogo wa kufukuza panya, wakijisaidia popote walipopenda. Mtu alimwaga majivu, akazoa, akaendelea na kazi zake. Ila mahali pa wafu mbwa hawakupachafua. Hakuna aliyewafundisha.

Nakijwa alikuwa amemlaza chini ya sakafu binti yake wa pekee, Naetwe, aliyechukuliwa na homa kabla meno yake ya utoto hayajaanza kung'oka. Alimlaza karibu na mafiga, maana mtoto yule hakupenda baridi. Salamu yake ya asubuhi ilikuwa ndefu kuliko za wanawake wengine, na mumewe, Sengondo, hakuwahi kumharakisha.

Sasa, yule mtoto wa mbwa hakuwa kama mbwa wa kule mlimani. Nyayo zake zilikuwa pana kama kiganja cha mtu mzima, na kabla mahindi hayajabeba alikuwa amempita mbuzi jike kwa uzito. Sengondo alimpenda, kwani chui aliyezoea kushuka kuchukua mbuzi hakushuka tena tangu mgeni huyo afike. Wakamwita Gogo, kwa jinsi alivyolala. Tatizo lilikuwa moja. Kila alipoamka, na kila alipomaliza kula, Gogo alikwenda karibu na mafiga akakojoa juu ya Naetwe.

Wala haukuwa mkojo wa kumwagia majivu.

"Hilo ni ziwa," mama mkwe wa Nakijwa alisema, akiikunja miguu yake juu ya kigoda. "Mwanangu ameingiza ng'ombe ndani, anatuambia ni mbwa."

Nakijwa hakucheka. Alipasiriba mahali pale upya, udongo haukukauka. Alikoka moto mkubwa, haukukauka. Doa likatanuka polepole mpaka likawa na umbo la mtoto aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa, vilevile kama alivyomlaza yeye mwenyewe. Alipoweka kiganja, sakafu ilikuwa baridi.

Kule mnyama aliyechafua nyumba alikandamizwa pua kwenye uchafu wake, na hakuna aliyeona ubaya wa jambo hilo. Nakijwa alimshika Gogo shingoni, akaikandamiza pua yake kwenye doa, akamshikilia hapo huku akilia. Mbwa hakupambana naye. Alitulia. Kisha masikio yakasimama, akaanza kunusa taratibu, kutoka upande wa kichwa hadi upande wa miguu, kama mtu anayesikiliza mnong'ono asitake neno limpite. Alipoinua kichwa pua yake ilikuwa imelowa, na haikukauka tena.

Akaenda mlangoni. Akasimama, akageuza shingo, akamtazama Nakijwa, akangoja.

Nakijwa akabaki amepiga magoti. Ndivyo alivyokuwa akifanya Naetwe. Alipobanwa na haja, mtoto yule hakutoka peke yake kwa kuuogopa ukungu. Alisimama kizingitini, mguu mmoja nje, akageuka na kumtazama mama yake bila kusema neno, mpaka mama aache alichoshika na kumsindikiza.

Basi akainuka, akamsindikiza mbwa. Gogo alikwenda hadi ukingoni mwa migomba, akazunguka, akajisaidia hapo. Nakijwa akamsifu. Tangu hapo akawa anamtoa kila alipoamka na kila alipokula, mahali pale pale, naye akangoja bila kumharakisha. Mbwa akazoea, hakuichafua nyumba tena. Nakijwa akadhani mambo yamekwisha.

Lakini doa halikukauka. Na Gogo, hata akiwa ametoka kujisaidia muda huo huo, alirudi mlangoni akageuka nyuma. Safari hii hakumtazama Nakijwa. Alitazama mafiga.

Ukoo ukakaa. Sengondo akasema mbwa auawe, ingawa alisema hivyo akiangalia pembeni. Wengine wakaona afadhali nyumba ihamwe. Mama mkwe, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha, aliwaacha wamalize.

"Mbwa hana kosa," alisema. "Mtoto anaomba kutoka, na sisi tumekaa juu yake."

"Akitoka, mama, nitamsalimia wapi?" Nakijwa aliuliza.

Mama mkwe alisogeza kigoda chake karibu naye. Alimshika mkono mkwewe, wakakaa hivyo mpaka Nakijwa akainamisha kichwa kukubali.

Ikaamuliwa kwamba wafu watolewe nje, kila nyumba na wa kwake, na Naetwe atangulie. Walipotafuta wa kuichimba sakafu, wanaume wakatazamana. Nakijwa akachukua jembe. Gogo alichimba pamoja naye kwa miguu ya mbele, taratibu, asiguse kitu. Kule kwenye migomba mbwa alinusa ardhi, akaizunguka, akanusa tena, mpaka akaridhika na mahali. Mama alipokwisha kumlaza mwanawe, Gogo akageuka kinyume na kufukia udongo kwa miguu ya nyuma.

Na tangu siku ile mbwa hainyimi ardhi salamu. Huinusa na kuizunguka kabla ya kujisaidia, na akimaliza huifukia kwa miguu ya nyuma, hata pasipo na kitu cha kufukia. Na akitaka kutoka husimama mlangoni akageuka nyuma. Mara nyingi hukutazama wewe. Siku nyingine hutazama mahali ambapo hakuna mtu, na siku hiyo watu wa kule huinuka upesi, wakafungua, wakasogea kando.

Uamuzi ulikuwa wa ukoo mzima. Lakini aliyeshika jembe ni Nakijwa, na ni yeye aliyesimama siku ile ameushikilia mlango wazi, ukungu ukiingia ndani, mpaka Gogo alipoacha kutazama nyuma.