Tope la Siwatu

“Tope lina hukumu, neno lina jawabu.” Mmeusikia msemo huu leo barazani, mkaona wazee wanaitikia kwa vichwa na ninyi hamkuambulia kitu, ndipo mkanijia mimi shangazi yenu. Vema. Sogeeni karibu, na wewe punguza hiyo redio. Msemo huu ulizaliwa hivi.

Palikuwa na mji uitwao Kirindani, kando ya bonde la mpunga. Mtawala wake alikuwa Jumbe Mwinshehe. Hakuwa mtu katili, ila alirithi kiti kwa baba aliyeogopwa sana, naye akadhani kuogopwa ndiyo kazi ya kiti. Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Zilipokuja, Jumbe akaamuru watu wote wapande mashamba yake kwanza. Wakapanda la bondeni, akawahamishia la mtoni. Wakamaliza la mtoni, akasema lipo jingine. Huku nyuma mashamba yao yanamezwa na magugu, na mvua haimngoji mtu.

Watu walinung’unika majumbani mwao, milango imefungwa. Aliyesema hadharani alikuwa mmoja tu, Siwatu binti Kombo, mjane aliyekuwa akiishi na mama mkwe wake, Bi Mize, na watoto wake wadogo.

Siku hiyo Siwatu alikuwa ndani ya maji hadi magotini, akipandikiza mpunga wa Jumbe. Jumbe akaja kutazama kazi, amevaa joho alilovishwa siku ya kutawazwa, pamoja na akida wake, Feruzi. Siwatu akainua uso, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: “Jumbe, lako limepandwa. Letu je? Siku ya njaa tuwapikie watoto joho lako?”

Jumbe akapita kana kwamba amesikia ndege.

Kupuuzwa huko ndiko kulikomchoma. Siwatu aliinama, akachota tope kwa mkono wa kulia, akalirusha. Likamtua Jumbe kifuani, paa!

Askari wa Jumbe wakamfunga Siwatu, wakampeleka kwa Kadhi Burhani. Habari ikatangulia mjini kwamba Jumbe anataka mkono uliorusha ukatwe. Kufika alasiri baraza la kadhi lilikuwa limejaa hadi njiani. Bi Mize alipenya katikati ya askari, akaketi chini kando ya mkwewe, akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Askari mmoja alitaka kumwondoa, akamtazama usoni, akaacha.

Kadhi Burhani aliwekwa na Jumbe, na Jumbe angeweza kumwondoa siku yoyote. Kila mtu alilijua hilo, na kadhi mwenyewe alilijua kuliko wote. Alikunywa maji kwanza, kisha akauliza:

“Siwatu, ulirusha tope?”

“Nilirusha.”

“Jumbe, joho limechanika?”

“Halikuchanika.”

“Mwili wako umeumia?”

“Heshima yangu imeumia,” alisema Jumbe.

“Imeumizwa na tope, au na maneno yaliyotangulia?”

“Na maneno,” alisema Jumbe.

“Yalikuwa ya uongo?”

Hapo Feruzi akaruka: “Kadhi! Unamhukumu nani hapa?”

“Bado sijahukumu mtu. Nauliza.”

Jumbe akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu mwenye hofu: “Kadhi, nikimwacha huyu, kesho watanirushia mawe.”

“La, bwana wangu,” alisema kadhi. “Ukimkata mkono kwa tope, ndipo watakaporusha mawe. Mwenye hasira atajua kuwa tope na jiwe adhabu yake ni moja. Basi kwa nini achague tope?”

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, “Mwachie basi aende zake!”

Kadhi akamgeukia. “Nimwachie? Kesho jirani yako akikupaka tope kwa sababu ana kisa na wewe, utakuja kwangu au hutakuja?” Yule mtu akajificha nyuma ya wenzake.

Ndipo kadhi alipotoa hukumu. “Siwatu, kurusha tope ni kosa. Utalifua joho hili kwa mikono yako mpaka litakate, na utamwomba Jumbe radhi hapa hapa.”

Siwatu akainua kichwa. “Kadhi, siwezi kuomba radhi kwa niliyoyasema. Ni kweli tupu.”

“Nani ametaja uliyoyasema? Omba radhi kwa tope.”

Siwatu akamgeukia Jumbe. “Jumbe, nisamehe kwa tope,” akasema, akaishia hapo.

“Hukumu imekwisha,” alisema kadhi. “Lakini neno la huyu mama bado limesimama hapa barazani, na mimi sina adhabu ya neno la kweli. Neno linangoja jawabu, na mwenye jawabu si mimi.”

Wote wakamtazama Jumbe. Wasimuliaji husema alilitazama tope lililomkaukia kifuani, kisha akaitazama mikono ya Bi Mize jinsi ilivyoushika mkono wa Siwatu. Alivua joho mwenyewe, akalikunja, akampa Siwatu.

“Kesho mtu asije shambani kwangu,” alisema. “Kila mmoja akapande lake. Langu lililobaki lingoje, na likikosa mvua, limekosa.”

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika hadi bondeni. Bi Mize hakupiga. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mkono wa Siwatu alikataa kuuachia hata walipofika nyumbani. Siwatu alilifua joho mtoni. Wanawake wenzake walitaka kumsaidia, akawakatalia, akasema kosa lilikuwa lake. Lilitakata, ila doa dogo la hudhurungi liligoma pale kifuani. Ijumaa Jumbe alilivaa vivyo hivyo. Na mavuno ya mwaka ule, ingawa yalichelewa, yalitosha.

Baadaye sana, Jumbe akiwa mtu mzima mwenye mvi, akida alimletea kijana aliyeing’oa bendera yake na kuitupa shimoni huku akimtukana. Feruzi alikuwa tayari ameshika kiboko.

“Kiweke hicho,” alisema Jumbe. “Kwanza aishushie kamba shimoni, aitoe, aisimamishe alipoing’oa. Akimaliza, mleteni ndani, mpeni pa kukaa, aniambie nimemkosea nini. Feruzi, hujajifunza tu? Tope lina hukumu, neno lina jawabu.”