Mkeka wa Mwenye Maneno

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana umeme ulikuwapo na televisheni zilikuwapo, palikuwa na kituo cha televisheni juu ya kilima. Kila Alhamisi saa kumi jioni kituo hicho kilirusha kipindi kiitwacho Moyo Kwanza, na mji mzima uliacha kazi. Kinyozi alimwacha mtu na kichwa nusu. Muuza chapati aliacha chapati iungue. Kisa? Kumsikiliza Nuriat.

Nuriat alikuwa mtangazaji, na alikuwa mzuri. Sitamwaga sifa. Nitasema tu kwamba akifunga mtandio wa zambarau Alhamisi, Ijumaa mitandio ya zambarau imekwisha madukani. Na kila wiki aliwaambia watu jambo moja: sura si mtu, mtu ni moyo.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya ukumbi wa kipindi kile palikuwa na chumba kidogo chenye kioo cheusi, na ndani yake alikaa mwanamke aitwaye Skolastika. Utotoni alilipukiwa na jiko la mafuta ya taa, likamwachia kovu kutoka jichoni hadi shingoni. Kichwani mwake mlikuwa na maneno ambayo mwingine mjini hakuwa nayo. Nuriat alivaa kidude sikioni, kimefichwa na mtandio. Skolastika akanong'ona, Nuriat akasema, watu wakapiga makofi. Miaka tisa, kila Alhamisi: Skolastika akanong'ona, Nuriat akasema, watu wakapiga makofi.

Wa tatu alikuwa Bwana Mhando, mtayarishaji, aliyekianzisha kipindi. Yeye alipenda kusimama mlangoni na tepe za rangi mbili. Kila aliyekuja kutazama alifungwa utepe mkononi. Utepe mwekundu, kaa mbele, penye kamera. Utepe wa buluu, kaa nyuma ya nguzo, kamera haifiki. Watu walidhani ni utaratibu wa kujaza viti. Hawakujua kwamba Bwana Mhando alitazama uso, meno na ngozi, ndipo akachagua utepe. Kisha wote waliingia ndani kuambiwa kwamba sura si mtu! Mimi huwa najiuliza: hivi yule bwana hakuwahi kucheka peke yake hata siku moja?

Basi, Alhamisi moja Skolastika akanong'ona, Nuriat akasema: "Wewe uliyemfungia mwanao ndani kwa sababu ya sura yake, mtoto huyo kila asubuhi hujiuliza alikosa nini. Mfungulie leo." Watu wakapiga makofi.

Huko ng'ambo ya mji, Bi Mwantumu hakupiga makofi. Alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja, Sikudhani, aliyezaliwa na alama nyeusi iliyofunika nusu ya uso, na tangu kuzaliwa hakumtoa nje mchana. Bi Mwantumu akasimama. Akafungua mlango. Sikudhani akatoka.

Hakupiga hatua kumi. Majirani wakamkodolea macho, akarudi ndani. Kesho yake akatoka tena, akafika kisimani, akarudi. Na katika miaka ile ya kufungiwa alikuwa amejifunza kazi moja tu, kusuka ukindu, na mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Akasuka mkeka mmoja wa rangi tatu, akamwambia mama yake, "Mama, huu ni wa mtu aliyesema maneno yale. Nataka nimwone kwa macho yangu. Nikimwona, nitaenda shule."

Bi Mwantumu akaandika barua kituoni. Bwana Mhando akaruka kwa furaha. "Waje! Tutawarusha mubashara! Wawekewe viti viwili mbele!"

Alhamisi ikafika, na foleni mlangoni ilikuwa ndefu. Bi Mwantumu alikuwa mtu wa haya, hakujitambulisha. Bwana Mhando naye hakuuliza jina. Alitazama uso wa mtoto, na kwa mazoea akawafunga utepe wa buluu. "Nyuma ya nguzo, mama." Wakaenda, maana mgeni hachagui kiti.

Kipindi kikaanza. Viti viwili vya mbele vitupu. Nuriat akaita, "Bi Mwantumu yuko wapi?"

"Tupo huku!" ikajibu sauti nyuma ya nguzo.

Wakatoka, mama na binti, na mji mzima ukawaona, tepe za buluu mikononi. Bwana Mhando akashika kichwa.

Sikudhani akasimama mbele ya Nuriat, mkeka kifuani. Akamtazama kwa muda mrefu. "Dada," akasema, "ulijuaje kwamba sisi hujiuliza tulikosa nini? Na wewe ulifichwa?"

Nuriat akatega sikio. Kimya. Akatega tena. Kimya. Nyuma ya kioo Skolastika alikuwa analia, na sauti haikumtoka.

Bwana Mhando akaashiria kwa mikono miwili: matangazo, wekeni matangazo! Nuriat akatikisa kichwa. Akaingiza kidole chini ya mtandio, akakitoa kile kidude, akakiweka mezani. "Mdogo wangu, mimi sikufichwa. Maneno yale hayakuwa yangu. Mwenyewe yuko nyuma ya kioo kile, na jina lake ni Skolastika."

Sikudhani akaenda hadi kwenye kioo. Hakumwona mtu, aliuona uso wake mwenyewe. Akabisha. "Shangazi, fungua."

Skolastika alikuwa ameshika kitasa. Alikishika mpaka watu wakaanza kuguna. Hatimaye akafungua, akatoka na kovu lake kwenye taa kali.

"Mkeka ni mmoja," akasema Sikudhani. "Nimpe nani?"

"Nipe mimi," akasema Skolastika. "Maneno ni yangu. Niliyalia kabla sijayanong'ona."

"Ni yako, sibishi," akasema Nuriat. "Lakini uliyafungia chumbani. Niliyeyatoa ni mimi. Na leo nimekitupa kibarua changu mbele ya mji mzima ili mtoto huyu asidanganywe. Nipe mimi."

"Umekiri leo. Na makofi ya miaka tisa?"

"Nilipokuambia tukae wote wawili mezani, ulinijibu nini?"

Skolastika akainama. "Nilikataa. Niliogopa."

Bwana Mhando akajitokeza, jasho likimtiririka. "Nitukaneni, ni haki yenu. Lakini kwanza muulizeni mama huyu. Mama, siku ile ulivutwa na nini ukatazama kituo chetu?"

"Mtandio," akasema Bi Mwantumu kwa sauti ndogo. "Nilikuwa natazama ulivyofungwa. Maneno niliyasikia baadaye."

"Na kama angekuwa ameketi huyu mwenye kovu?"

"Ningehamia kituo kingine. Mungu anisamehe, ningehamia."

"Mmesikia? Chema chajiuza, lakini lazima kiwekwe dirishani. Dirisha nililijenga mimi. Bila dirisha langu, mtoto huyu angekuwa ndani mpaka leo. Nipe mimi."

Sikudhani akainua mkono wenye utepe. "Na tepe hizi nani anazikata, baba?"

Bwana Mhando akamtazama Skolastika.

"Mimi," akasema Skolastika. "Kila Jumatano, kwa mkasi wangu. Nilijua ni za nini."

Bi Mwantumu akamshika binti yake begani. "Twende zetu, mwanangu, tutandike mkeka wetu nyumbani. Hawa walisema tu. Mkono uliofungua mlango ni huu wangu."

"Na uliofunga, mama?"

Mama yake akauondoa mkono begani.

Sasa jamani, mtoto amesimama pale na mkeka wake, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Alisema akimwona mwenye maneno ataenda. Amewaona wanne, kila mmoja na dai lake. Mkeka hauwezi kugawanywa, maana ukiukata unafumuka. Nimeisimulia hadithi hii kwenye mabaraza mengi, na kila mahali watu hugombana. Wapo wanaomtaka Skolastika, wapo wanaoapa kwa jina la Nuriat, na pale Jumamosi mzee mmoja alimtetea Bwana Mhando hadi koti likamvuka. Mimi mwenyewe nikienda nina jibu, nikirudi nina jingine. Basi semeni ninyi, na mwenye utepe wa buluu aseme kwanza: nani alistahili mkeka ule?