Mgeni wa Kibanda cha Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambazo hata kivuli kilikuwa na uvivu wa kuhama, Kindi na mdogo wake Tule walijenga kibanda cha mchezo. Wakasimamisha fito, wakaezeka nyasi, wakakandika udongo. Puu! Kikaanguka. Wakajenga tena, kikaanguka tena, Tule akatoka na udongo hadi masikioni. Mama yao akawacheka, akasema wanapoteza mchana bure, akaenda zake shamba.

Lakini Kindi alikwisha kujua kinaanzia wapi kuanguka. Ni ile nguzo ya mlango wa uani. Ikiguswa tu, basi. Safari hii waliikita vizuri, wakaingia. Ndani mwanga wa njano ulichujika katikati ya nyasi, na Tule akasinzia.

Mara nje majani yakalia, chakacha, chakacha. Fisi huyo, kaziba mlango wa mbele, mate yanamdondoka, macho yote kwa Tule.

Kindi aliogopa, aliogopa sana. Kukimbia hakufai, Tule ana miguu mifupi. Akakaza sauti.

"Shikamoo, mjomba. Mbona hata hodi hupigi?"

Fisi akaduwaa. Tangu azaliwe, kila alikokwenda alifukuzwa kwa mawe. Akarudi nyuma, akasema kwa haya, "Hodi."

"Karibu, mjomba. Karibu ndani."

Lo, neno hilo lilimwingia Fisi tamu kuliko mfupa. Akajibana, akajikunja, akaketi. Kindi akamwamsha Tule, akamtuma akamletee mgeni maji, apitie uani. Kisha akasema mtungi ni mzito, ngoja akamsaidie. Fisi akaitikia kwa kichwa. Mgeni gani mwenye adabu huondoka kabla ya maji? Atakunywa kwanza, alijiambia, kula baadaye. Akafumba macho katika mwanga ule wa njano, akajiona mtu kwao.

Huko uani, Kindi na Tule waliikumbatia nguzo, wakavuta.

Puu! Fito, nyasi, udongo, vyote juu ya Fisi. Akachomoka na paa shingoni, akatokomea porini huku akilia, "Na maji yangu je?"

Mama aliporudi akasimuliwa, hakucheka. Aliweka jembe chini, akakunja kanga, akaanza kuwakandia udongo mpya.

Naiacha hapo hadithi yangu, udongo haujakauka: aliyeangukiwa na kibanda chake ndiye aijuaye nguzo yake.